Muulize Nesi: Sikoseli, chale za bandama na jini mahaba

Safari hii tunaongea damu tu. Meseji zilizoingia nyingi ni za sikoseli, wengine mnaiita selimundu, kuna na moja ya damu isiyoganda, na karibu kila moja ina mganga ndani yake, au shehe, au mzee mwenye wembe. Mie sitamtukana mganga wa mtu hapa manake nimekulia nyumba yenye kombe na hirizi, ila nitasema wazi kipi kinasaidia, kipi hakina neno na kipi kinaua, na manesi wenzangu nao nitawasema kidogo, wajiandae.

SWALI: Shikamoo nesi. Nina mapacha wa miezi 11. Doto mzima kabisa, ila Kulwa juzi kaamka vidole vya mikono na nyayo vimevimba kwa juu, ukimgusa analia mpaka sauti inakauka, na macho nayaona kama ya njano. Mama mkwe anasema kachezewa, eti ingekuwa ugonjwa wa kurithi si wangeumwa wote wawili? Kuna mzee hapa anachanja chale za bandama ubavu wa kushoto halafu anapaka dawa nyeusi, wanataka tumpeleke Jumamosi. Baba yao yupo mgodini simu haishiki. Nifanyeje? — Mama Kulwa, Geita

JIBU: Marahaba mama Kulwa. Jumamosi mbali, mpeleke hospitali leo, tena ukifika lile neno sikoseli litaje wewe mwenyewe usisubiri wao walifikirie. Siwezi kumpima mtoto kwa meseji, lakini vidole na nyayo kuvimba kwa pamoja kwa mtoto wa umri huo, na macho yana unjano, nesi yeyote aliyekaa wodi ya watoto huko Kanda ya Ziwa hicho ndo kitu cha kwanza kinachomjia kichwani, manake kwenu huko hii kitu imejaa kuliko mikoa mingi, na nchi nzima makadirio yanayotajwa sana ni watoto kama 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka.

Swali la mama mkwe ni zuri sana na wala asinyamazishwe, ajibiwe. Sikoseli mtoto anaipata pale anapochukua kinasaba kibovu kwa baba na kingine kibovu kwa mama. Nyie wazazi yawezekana kila mmoja anacho kimoja tu, kile wanachoita AS, mkawa wazima wa afya mnalima mnabeba mizigo hamjui lolote. Kwa wazazi wa hivyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzoa vyote viwili akaumwa, 2 kati ya 4 ya kubeba kimoja kama nyie, na 1 kati ya 4 ya kutoka huru kabisa. Sasa mapacha kama sio wa kufanana ni mayai mawili tofauti yaliyokaa tumbo moja, kila mmoja kachota fungu lake, kwahiyo Kulwa kuumwa na Doto kuwa mzima sio ajabu wala hakuna jirani aliyeweka kitu kwenye kamba ya nguo. Ila Doto naye apimwe siku hiyohiyo, huenda kabeba kimoja, au anayo na haijajionyesha bado.

Na kama wanauliza mbona miezi ya mwanzo alikuwa mzima, ni kwamba mtoto anazaliwa na damu ya tumboni ambayo haina hilo tatizo, inaisha taratibu mpaka kufika miezi sita hivi ndo ile ya kwake inashika, na vidole vinaanza. Chembe nyekundu za hiyo damu yake zikikosa hewa zinapinda zinakuwa ngumu, zinanasa kwenye vimishipa vidogo kama matawi kwenye mfereji, mbele damu haifiki ndo maumivu yenyewe hayo. Halafu hazidumu, chembe ya kawaida inakaa siku 120 hivi, hizi siku 10 mpaka 20 imeshavunjika, na huo uvunjikaji ndo unaoona njano kwenye macho.

Tuje kwa mzee wa chale. Mzee wa watu mahali amepapatia! Bandama ya mtoto wa sikoseli kweli huvimba, wazee waliiona kwa mkono kabla ya eksrei kufika, na hapo nawapa heshima yao. Tatizo ni wembe. Bandama ndo askari wa vijidudu, na kwa hawa watoto huyo askari anachoka mapema sana, ndani ya miaka ya mwanzo tu anakuwa kama hayupo, kwahiyo kidonda ambacho mtoto mwingine angepona nacho anacheza, kwa Kulwa kinaweza kuingiza vijidudu kwenye damu akawa hoi usiku mmoja. Na hapo sijataja pepopunda, ukimwi na homa ya ini kwa wembe uliopita kwa watu wengi, wala sijataja hiyo damu yenyewe inayomwagika wakati hana ya kumwaga.

Na kuna kitu kinaitwa bandama kunyonya damu. Inavimba ghafla, inavuta damu yote ya mwilini inaifungia humo, mtoto anapauka midomo na viganja, tumbo linajaa, anakuwa mlegevu, na ndani ya masaa machache anaweza kufa. Huyo ukimpeleka kuchanjwa kwanza ndo umlete hospitali, utakuwa umechelewa. Ndo maana nakufundisha kazi ya mzee bila wembe wa mzee: mlaze Kulwa chali ametulia, weka vidole chini ya mbavu za kushoto, bonyeza taratibu akiwa anavuta pumzi. Nesi wa kliniki akuonyeshe mara ya kwanza, halafu uwe unafanya kila siku unapomwogesha ili uizoee, siku ukikuta imetokeza zaidi ya jana na mtoto amepauka unabeba khanga unaondoka hata kama ni saa nane usiku. Jamaica waliwafundisha wazazi kufanya hivyohivyo na vifo vya bandama vikapungua sana.

Majibu yakitoka ndiyo, ataanzishiwa penisilini ya kunywa asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, usiikatishe kwa kuona mzima. Wamarekani waliijaribu hii wakatoa majibu mwaka 1986, maambukizi ya vijidudu vya nimokoka yalipungua kwa 84% mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wapewe. Ataongezewa foliki asidi, chanjo zote za kliniki hasa ya nimonia, na chandarua kila usiku manake malaria kwa mwenye SS, yaani aliyezoa vinasaba vyote viwili, ni balaa, ile habari kwamba sikoseli inakinga malaria ni ya wale wabebaji wa AS tu. Muulize dokta pia kuhusu dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliotoka mwaka 2019 wa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua.

Mama mkwe akitaka kusoma dua asome. Akitaka kuvikanda hivyo vidole kwa kitambaa cha uvuguvugu mwachie kabisa, hiyo ni tiba, tena anaijua kuliko sisi.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi mpya zahanati moja huku Muleba. Mgonjwa wa sikoseli akija na hirizi au ananuka dawa za kienyeji, inchaji anamfokea mbele za watu na hirizi anaikata na mkasi. Wale wakubwa wakiomba dawa kali ya maumivu wanaitwa mateja. Chuoni sikoseli tuliipitia haraka haraka sana. Naomba unipe vitu vya kushika. — Nesi Mgeni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Karibu kazini, na pole kwa inchaji.

Anza na maumivu manake ndo yanayowaleta. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha maumivu ya sikoseli, kipimo ni mdomo wa mgonjwa, akikwambia nane juu ya kumi andika nane. Huyu mtu ameishi nayo toka utotoni, amejifunza kuumwa huku anachezea simu, wewe unamwona anachati unasema anaigiza. Miongozo ya Uingereza inataka dawa ya kwanza iingie ndani ya nusu saa toka afike, ya Marekani ndani ya saa moja, sisi kuna mahali mgonjwa anakaa benchi toka asubuhi mpaka adhana ya mchana bila hata panado. Mpe ulichonacho, panda ngazi mpaka morfini kama ipo au mpe rufaa, mrudie umuulize tena baada ya nusu saa, usimwambie njoo baada ya masaa sita. Diklofenaki iangalie, figo za hawa watu sio za kuchezea. Mpe joto, blanketi, maji ya kunywa, usimwekee barafu hata siku moja. Na dripu usimjaze kama unajaza ndoo, maji yakizidi yanakwenda kwenye mapafu na hapo umemtengenezea ugonjwa mwingine.

Huo wa mapafu ndo wa kuuogopa kuliko wote kwa watu wazima. Mgonjwa kaja kwa maumivu ya mgongo na mbavu, siku ya pili au ya tatu anaanza kukohoa, kifua kinabana, homa, oksijeni inashuka. Usiandike nimonia ukalala. Mweke oksijeni, antibayotiki zianze, piga simu ya rufaa. Homa ya 38.5 kwenda juu kwa mwenye sikoseli, hasa mtoto, ni dharura yenyewe hata kama anacheka, anachomwa antibayotiki kwanza ndo mnatafuta chanzo. Mwingine ni yule mtoto aliyeamka mkono mmoja hauinuki au mdomo umekwenda upande, huku mtaani watasema kapigwa na upepo mbaya, wewe jua hiyo ni kiharusi, mana sikoseli inawapa kiharusi watoto wa miaka mitano, sita, saba. Hapo ni gari sasa hivi.

Halafu damu. Mwenye SS anaishi na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 6 mpaka 9 akaenda shule akafaulu, kwahiyo usione 7 ukakimbilia chupa ya damu. Iandike kwenye kadi yake ile namba yake ya siku akiwa mzima, hiyo ndo ya kulinganishia. Na akiongezewa ovyo ikapita 10 damu inakuwa nzito, ndo kwanza inanasa zaidi.

Sasa ya waganga. Inchaji akifoka, anachopata ni kwamba mgonjwa wa kesho atavua hirizi mlangoni na atakudanganya, na wewe hapo umepoteza habari uliyoihitaji kuliko zote. Usiulize "mmeenda kwa mganga?", hiyo ni ya polisi. Uliza "nyumbani mmeshampa nini mpaka sasa?" kwa sauti ya kawaida kabisa kama unauliza kala nini, halafu nyamaza usubiri. Watakwambia. Unachotafuta ni kama amepigwa bomba la majani akaharisha, kama amefukizwa nyungu akatoka jasho jingi, manake vyote viwili vinakausha maji mwilini na mwili ukikauka chembe ndo zinapinda, kama ana chale mbichi, kama kanywa dawa ya mizizi ambayo inaweza kugusa ini au figo. Andika kwenye faili kama unavyoandika dawa nyingine, bila maneno ya kejeli.

Hirizi kama haijabana mkono na haipo pale unapotafuta mshipa, inakuhusu nini? Ikiwa imekaa vibaya mwombe mama aihamishe kwa mkono wake, ataihamisha. Kombe la zafarani na maji safi, funda mbili tatu, halina neno, ila mtoto akiwa mlegevu anaweza kupaliwa au anasubiri kuingia chumba cha upasuaji basi hapewi chochote mdomoni, na hilo unalisema hivyohivyo hata kwa uji.

Na kama una moyo fanya moja zaidi, nenda kaonane na mganga wa hapo kijijini. Usicheke. Toka sheria ya mwaka 2002 Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na waganga wanasajiliwa, sio watu wa kujificha. Huyo anawaona hawa watoto kabla yako. Mpe mambo manne tu ya kushika, homa, kupauka ghafla, kifua kubana na upande mmoja kulegea, mwambie ukiona haya mlete siku hiyohiyo na mimi sitakutangaza vibaya. Mganga akimwambia mzazi "nenda hospitali" mzazi anatii mara moja, wewe unaweza kusema mpaka jioni.

SWALI: Nesi naona aibu lakini nimeshindwa. Nina miaka 19, nina sikoseli. Kuna usiku uume unasimama wenyewe bila hamu yoyote, unauma, unakaa hivyo mpaka alfajiri. Nilimwambia kaka yangu akanipeleka kwa mtu, akasema nina jini mahaba ananitembelea usiku, nimeogeshwa maji ya mavumba na kufukizwa ubani mara kadhaa, jini halijaondoka. Wiki hii limekuja mara mbili. — Kijana wa Tanga

JIBU: Mdogo wangu, umefanya jambo kubwa kuandika, manake wanaume wengi wenye sikoseli wanapata hii na wanakufa nayo moyoni. Hiyo ni sikoseli yenyewe. Damu inaingia kwenye uume kama kawaida halafu zile chembe zinanasa, haitoki, na usiku ndo wakati wake manake umelala, mwili umekauka maji na kibofu kimejaa. Kwahiyo jini lako lina saa zake na sababu zake, na wenzako wa Lagos, Kingston na London wanalijua vilevile bila kuwa na ubani.

Likija fanya hivi: amka, nenda kakojoe, kunywa maji mengi, tembea au ruka ruka kidogo chumbani, oga maji ya uvuguvugu, meza dawa yako ya maumivu. Barafu hapana, wapo watakaokwambia uweke barafu, usikubali. Likipita masaa mawili bado lipo, anza kujiandaa kutoka. Likifika masaa manne hiyo ni dharura kama kuvunjika mguu, unaenda hospitali kubwa usiku huohuo, wanaweza kuvuta hiyo damu kwa sindano na kuchoma dawa ya kuufanya mshipa ubane. Ukikaa nalo mpaka kesho yake, ile nyama ya ndani inakufa kwa kukosa hewa, halafu uume hausimami tena siku unayoutaka. Nakutisha makusudi kabisa.

Na haya ya mara mbili kwa wiki yanayoisha yenyewe usiyachukulie kidogo, ndo yanayotangulia lile kubwa. Kliniki ijayo mwambie dokta, zipo dawa za kuyapunguza. Ukikuta nesi anacheka au anaita wenzake waje waone, omba nesi wa kiume au dokta, una haki. Nimeona vijana wamegeuzwa maonyesho na nilikasirika sana. Mavumba na ubani kama unapenda harufu yake sina ugomvi, ila kufukizwa ukiwa umejifunika mpaka jasho likutoke achana nako, hiyo ndo inayokukausha maji, yaani dawa ya jini inamwita jini. Pombe nayo hivyohivyo, na hizi dawa za nguvu za kiume za barabarani usizisogelee.

SWALI: Nesi mwanangu, mjukuu wangu alitahiriwa jandoni mwaka juzi akatoka damu siku tatu, tukaweka majani na majivu mpaka ikakoma, tukidhani ngariba kakosea. Sasa kila akianguka goti linajaa linakuwa kama boga, moto. Fundi wa mifupa anamchua kwa mafuta ya moto, na mara moja kampiga chuku damu ikakataa kukata. Ndugu wawili wa mama yake, wanaume, walifia jandoni. Watu wanasema upande wa mama una laana. — Bibi wa Lindi

JIBU: Shikamoo bibi. Pole sana kwa hao wawili.

Bibi, hao wanaosema upande wa mama wameona sawasawa, wamekosea tu jina. Upo ugonjwa unaitwa himofilia, damu inakosa kiungo kimoja cha kuifanya igande, na unapita kwa mama. Mama anabeba, mara nyingi haumwi sana, ila anaweza kutoka damu nyingi kwenye hedhi au uzazi, watoto wake wa kiume nusu kwa nusu wanaweza kuupata. Aina inayoonekana zaidi inampata kama mwanaume 1 kati ya 5,000. Na kujulikana kwake kulianzia kwenye tohara hivihivi, marabi wa Kiyahudi karne ya pili waliandika kwamba mwanamke akifiwa na wana wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Maabara hawana, lakini hesabu waliifanya.

Hilo goti linalojaa ni damu imevujia ndani. Kulichua ndo kunalizidisha, na mafuta ya moto yanafungua mishipa itoke zaidi. Hapa ndo nataka wasomaji wote mshike manake watu wanachanganya: goti la sikoseli linapenda joto, goti la himofilia linataka baridi. La mjukuu wako unalipumzisha, unalifunga bandeji ya kubana kidogo, unaliinua juu ya mto, unaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, halafu hospitali. Chuku na chale mwiko kabisa, kwake huyu sio habari ya kuambukizwa tu, anaweza kuisha damu. Asipewe aspirini, diklofenaki wala brufeni, panado sawa. Asichomwe sindano za matakoni, na hili mwambie nesi kabla hajavuta dawa, manake sisi manesi tuna mkono mwepesi wa kuchoma tako, kwake inajaa donge la damu ndani ya nyama. Chanjo zinawezekana kwa sindano nyembamba na kubonyeza pale muda mrefu. Akigonga kichwa usisubiri dalili, nenda.

Ombeni rufaa mpaka hospitali ya kanda au Muhimbili, akapimwe anakosa kiungo kipi, kuna dawa ya kumchoma hicho kiungo anachokosa. Binti yako na dada zake nao wapimwe, hasa mwenye mimba. Na watoto wa kiume wanaokuja kwenye ukoo, jando liwepo, ngoma zichezwe, mafunzo wapewe, ila kukata kufanyike hospitali baada ya kupima damu na dawa ikiwa mezani. Mzungumzeni na ngariba mapema, sidhani kama anataka wa tatu.

SWALI: Asalaam aleikum. Nipo Muscat, asili yetu Unguja. Mtoto wangu wa miaka 8 ana SS, jamaa wananihimiza nimpeleke hijama kila mwezi atoe damu chafu, eti ni sunna na hospitali nao wanatoa damu. Ni kweli? — Abu Salim

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hospitali kweli kuna wakati wanatoa damu, lakini wanatoa huku wanaingiza ya mtu mzima upande wa pili, kwa vipimo, ili zile zilizopinda zipungue. Hijama inatoa tu haiingizi. Mtoto mwenye hemoglobini ya 7 unamchanja mgongo unavuta vikombe kadhaa kila mwezi, hapo unamshusha, unamfungulia njia ya vijidudu, na chumba chenyewe kina kiyoyozi cha baridi kama friji, baridi inaamsha maumivu hata bila wembe. Huko mlipo ugonjwa huu mnao kwa wingi na kliniki zake zipo, mkalisheni na daktari wake. Kama moyo wako hautulii bila hijama, ile kavu ya vikombe vya kuvuta bila kuchanja, kwa mkono mwepesi, siku akiwa mzima, dokta akikubali, haina damu inayopotea. Ila sitakwambia inatibu sikoseli manake haitibu. Na mkiposa mabinti na vijana huko, kapimeni kwanza, Saudia wameifanya lazima kabla ya ndoa toka 2004.

SWALI: Nesi, rozela, bitiruti na maini vinamsaidia mwenye sikoseli kuongeza damu? Na kuna mtu anauza chupa ya karafuu na mizizi elfu 60 anasema inaponya kabisa. — Da Mwana, Morogoro

JIBU: Damu ya sikoseli haipungui kwa kukosa madini ya chuma, inapungua kwa kuvunjika, kwahiyo hata ukila shamba zima la bitiruti chembe zitavunjika vilevile. Bitiruti yenyewe chuma chake kidogo, inasifiwa kwa rangi tu. Rozela mwachie anywe, isiwe na sukari nyingi, manake inamfanya anywe maji na hilo ndo tunalolitaka, na mboga za majani zina ile foliki anayoihitaji. Maini mara moja moja sawa, ila aliyeongezewa damu mara nyingi chuma kinamjaa mwilini mpaka kwenye ini na moyo, huyo kumlundikia maini na vidonge vya kuongeza damu ni kumwongezea mzigo.

Ya karafuu nacheka kidogo, manake Nigeria waliwahi kutengeneza dawa ya mimea iitwayo Niprisan na karafuu ilikuwa mojawapo ya mimea minne, jaribio dogo la watu wasiofika mia lilionyesha maumivu yalipungua, lakini hata wenyewe hawakusema inaponya. Kwahiyo mitishamba siidharau, nadharau neno "kabisa" kwenye chupa ya elfu 60. Kinachoponya hapa kwetu ni kupandikizwa uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, wa ndugu ambaye vipimo vyao vinafanana, Benjamin Mkapa Dodoma wanafanya, na sio kila mtu anafaa. Huyo mgonjwa wako kabla ya kununua chupa yoyote apimwe feritini, ndo mtajua chuma kimejaa au kimepungua.